Jinsi ya kupaka taa ya chemli iwake kwenye kisanamu cha milimita 32, kwa rangi mpya na bila balbu

Wakuu, nimemaliza mlinzi wangu wa usiku. Ni mzee kavaa koti refu na kofia ya kuziba masikio, rungu mkono wa kulia, chemli mkono wa kushoto usawa wa kiuno, na toka unyayo hadi macho ana milimita 32 tu. Watu watatu waliokiona mezani kwa nyakati tofauti wameniuliza nimepitisha wapi waya wa balbu. Hamna waya wala balbu, ni rangi tupu, na nataka nieleze hatua zote nilizopita maana mimi mwenyewe nilihangaika karibu mwaka mzima na kitu ambacho mtu akikuelekeza vizuri unakipata ndani ya wikiendi mbili.

Nianze na lile lililonichelewesha. Nilikuwa naamini mwanga unanunuliwa, yaani nikipata ile rangi ya chungwa kali kabisa inayowaka basi taa itawaka, nikamwomba dada yangu aliyekuwa anarudi toka Uingereza aniletee vichupa sita, nikavipaka, na taa ikabaki imelala pale pale kama tope la machungwa. Mwanga hauko kwenye kichupa. Mwanga unatokea pale giza la pembeni yake linapokuwa giza kweli, na macho ya mtu yakiona hiyo tofauti yenyewe ndo yanasema hapa panawaka. Ukilishika hilo, rangi yoyote utakayoijaribu itakutii.

Anza na taa ya mezani kwako

Kabla ya kisanamu angalia balbu unayofanyia kazi. Soma pembeni ya boksi, utakuta namba yenye herufi K (kipimo cha rangi ya mwanga), tafuta kati ya 5000 na 6500, na kama wameandika CRI (kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa usahihi) basi iwe 90 kwenda juu. Balbu za njano za 2700 ni nzuri sebuleni ila kwa kazi hii zinakudanganya, njano hafifu na nyeupe zinafanana kabisa. Niliwahi kupaka mpaka saa saba usiku chini ya balbu ya namna hiyo, asubuhi nikafungua dirisha nikakuta bega zima la mzee lina mabaka ya njano ambayo usiku sikuyaona hata moja. Kama huna balbu nzuri paka mchana karibu na dirisha, jua lisikupige moja kwa moja.

Kaa na chemli gizani kwanza

Hatua hii usiiruke. Umeme ukikatika, badala ya kulalamika, washa chemli au kibatari au hata mshumaa, kaa mita moja mbali nayo uangalie kwa utulivu kama robo saa hivi. Wengi wetu tumesomea mwanga huu tukiwa watoto lakini hatujawahi kuutazama.

Utaona mambo haya. Utambi na moto wenyewe ni karibu nyeupe, sio chungwa. Chungwa unaikuta kwenye vitu vilivyo jirani na taa, na kadri unavyoenda mbali inakolea, inakuwa kahawia, alafu inapotea. Uso wa mtu aliyeshika taa chini unawaka chini ya kidevu, chini ya pua na chini ya nyusi, huku paji la uso likibaki gizani, kinyume kabisa na mchana. Weka kiganja mbele ya moto, katikati ya vidole pale nyama ilipo nyembamba utaona wekundu unapenya. Mchoraji mmoja Mfaransa, Georges de La Tour aliyeishi 1593 hadi 1652, picha zake za mishumaa zimejaa jambo hilo, mkono umekinga mshumaa na vidole vinang'aa toka ndani. Na kuna Mwingereza, Joseph Wright wa Derby, yeye mara nyingi alikuwa anaificha taa yenyewe nyuma ya mtu ili wewe uone tu nyuso zilizomulikwa. Derby ni mji jirani na Nottingham, na Nottingham ndiko iliko kampuni ya Games Workshop wanaotoa rangi za Citadel. Nimefurahi sana nilipogundua ujirani huo, maana mafunzo ya yule mzee wa karne ya 18 ndo hayo hayo tunayahitaji leo kwenye kisanamu cha vidole viwili.

Jambo la mwisho la kuangalia ni umbali. Mwanga haupungui kidogo kidogo kwa usawa, umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo, ukizidi mara tatu unabaki sehemu moja ya tisa. Kwa mlinzi wangu maana yake ni hii: mkunjo wa koti ulio nusu sentimita toka kwenye taa unawaka sana, goti lililo sentimita moja linapata robo ya hapo, na kiatu cha upande wa pili kinapata kidogo mno. Wengi tunakosea hapo, tunasambaza chungwa mpaka kwenye kofia, na ukishafanya hivyo sio taa tena, ni mzee kamwagikiwa juisi.

Ukishaangalia, chukua kitochi kidogo cha funguo, zima taa zote, kishike pale chemli ya kisanamu ilipo na mwenzio apige picha kwa simu toka pande nne. Picha hizo ndo ramani yako. Kama uko peke yako kuna njia nyingine, sogeza jicho lako lililo wazi (lingine fumba) mahali taa ilipo kadri unavyoweza, na kila unachokiona toka hapo kinapata mwanga, usichokiona hakipati. Nyuma ya mkono, ndani ya mkunjo uliogeuka, upande wa pili wa rungu, vyote giza.

Rangi mpya zijaribie kwenye kijiko

Usifungue rangi mpya ukaenda nayo moja kwa moja kwenye kisanamu ulichokipenda. Nunua vijiko vya plastiki vile vya kulia keki, vipige prima (rangi ya msingi ya kushikia zingine) sawasawa na kisanamu, nusu nyeusi nusu kijivu. Mgongo wa kijiko una mbonyeo na mviringo, rangi inatiririka juu yake kama inavyotiririka begani. Nyuma ya kijiko andika jina la rangi na umeichanganya na nini. Mimi ninavyo zaidi ya 40 kwenye kopo la maziwa na navitumia kuliko kitu kingine chochote mezani.

Rangi zenyewe kwa kazi hii nazigawa hivi. Kuna akriliki za kawaida, zinaziba kilicho chini yake, unazikonda kwa maji. Kuna hizi za kutiririka, Citadel walizitoa 2019 wakaziita Contrast, baadaye Vallejo wa Hispania wakaleta Xpress Color na Army Painter wa Denmaki wakaleta Speedpaint. Hizi zina rangi kali ndani ya maji mazito yanayopenda kukimbilia mabondeni, kwa hiyo kwa kupaka mara moja tu unapata kivuli kwenye mikunjo na wepesi kwenye kingo. Lakini zinapitisha mwanga, kilicho chini yake kinaonekana, na kwa sisi tunaotafuta mwanga hiyo ndo faida yake kubwa, nitaielezea. Zikiwa nzito usizikonde kwa maji mengi matupu, zinaachia na kukauka na mduara pembeni kama chai iliyomwagika kwenye karatasi, tumia ile midiamu yake, yaani kimiminika chake cha kukondea. Na kwenye kijiko fanya jaribio hili: paka, acha ikauke usiku mzima, kesho yake pitisha brashi yenye maji. Kuna zinazoamka, yaani zinayeyuka tena, zikaanza kuchafua unachoweka juu, nilipoteza koti zima kwa sababu hiyo. Ikiamka, piga vanishi ya mati (isiyong'aa) juu yake kabla ya kuendelea.

Alafu kuna zile za kuwaka, za floresenti. Zinapendeza kwenye kichupa, ila fahamu zinafanyaje kazi: zinachukua mwanga wa buluu na ule wa jua usioonekana, zinaurudisha kama chungwa au kijani. Kwa hiyo chini ya balbu ya njano zinapoa, na zikikaa dirishani miezi zinapauka. Pia ni nyepesi sana, juu ya nyeusi hazionekani kabisa, lazima chini yake pawe peupe. Ninazitumia, lakini tone moja mwishoni.

Prima, na unyevu wa pwani

Osha kisanamu kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini, kikauke kabisa. Alafu prima nyeusi yote.

Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, unyevu ndo adui. Ukipuliza alfajiri au mvua ikiwa imetoka kunyesha, prima inakauka na ukungu mweupe juu yake na ukishatokea huo unaanza upya. Ukipuliza saa saba mchana juani nako, rangi inakauka hewani kabla haijafika, inatua kama vumbi na uso unakuwa na chenga. Mimi napuliza saa nne asubuhi kivulini, barakoa usoni, sentimita 25 hivi mbali, vipulizo vifupi vya sekunde moja huku mkono unatembea. Kopo usiliache juani, linaweza kupasuka.

Ikishakauka ndo unaanza kuweka mwanga, kabla ya rangi yoyote. Njia inayojulikana ni kupuliza kijivu toka juu kwa mshazari wa nyuzi 45, alafu nyeupe toka juu kabisa kama jua la saa sita, na mabega, kofia na pua vinapata weupe huku chini ya mikono panabaki peusi. Kwa mchana ni sawa kabisa. Kwa usiku mimi nimepunguza, nimepuliza kijivu chenye ubuluu tu toka juu, kidogo mno, iwe kama mbalamwezi. Nyeupe nimeiweka kwa upande wa taa peke yake, na sio kwa kopo, nimetumia brashi kavu: chovya brashi nene kwenye nyeupe, ifute kwenye tishu mpaka ikaribie kuisha, alafu ipitishe ukitokea upande wa chemli kwenda nje. Itagusa kingo zinazotazama taa tu. Kisanamu sasa kina mianga miwili, mmoja baridi toka juu na mmoja toka kiunoni, na hujapaka rangi hata moja. Kama huna kopo la kupuliza fanya yote kwa brashi kavu, inakubali vizuri tu.

Rangi za mwili

Hapa ni haraka. Rangi za kutiririka juu ya kila kitu, koti buluu iliyokolea, kofia kahawia, ngozi kahawia yenye wekundu, rungu kahawia ya kijivu. Weka ya kutosha, isukume isisimame kwenye dimbwi, ikizidi nyonya kwa brashi kavu. Weupe ulioweka chini utapenya upande wa taa na upande mwingine utazama. Ukimaliza tu hatua hii utashangaa, maana taa tayari imeanza kujionyesha na hujaigusa. Acha usiku mzima.

Sasa chemli

Chimni ya taa ipake nyeupe safi mara mbili nyembamba. Hiyo itakuwa sehemu nyeupe kuliko zote kwenye kisanamu chote, hakuna jicho, jino wala kifungo kitakachoruhusiwa kuifikia. Kama ulipaka vifungo vyeupe vipunguze.

Chukua chungwa ya akriliki, tone moja kwa maji matone manne au matano. Nina paleti ya maji (pa kuchanganyia rangi) niliyotengeneza kwa kontena la plastiki lenye mfuniko, tishu zilizolowa chini na karatasi ya kuokea keki juu, rangi inakaa siku tatu bila kukauka, ila kwa joto la kwetu badilisha maji mapema maana tishu zinaota ukungu na kunuka. Chovya brashi, gusa tishu ili maji yapungue, alafu vuta toka gizani kuelekea kwenye taa. Mwelekeo huo una sababu yake. Rangi iliyokondwa inaachwa nyingi zaidi pale brashi inaponyanyuka, kwa hiyo ukiivuta kuja kwenye taa chungwa itajaa karibu na taa na kuwa hafifu mbali, kama mwanga wenyewe unavyofanya. Ukivuta kinyume unapata mstari mbaya pembeni na utakaa saa nzima unaufuta.

Pitisha mara moja, subiri ikauke kabisa, hata kwa kupepea na kipande cha boksi. Kwenye mkunjo wa koti wa mzee wangu, ule ulio karibu kabisa na chemli, mara ya kwanza hakukuonekana kitu. Mara ya pili buluu ilianza kuwa kijivu kama jivu la mkaa. Mara ya tatu ikawa kahawia chafu, na hapo nilikaribia kuiosha nikidhani nimeharibu. Ilikuwa sahihi! Chungwa juu ya buluu lazima ipite kwenye uchafu huo, hata nguo ya buluu halisi ukiiweka mbele ya chemli haiwi chungwa, inakuwa kahawia ya majivu, kwa sababu taa haina buluu ya kuirudishia. Kwa akili hiyo hiyo nguo nyekundu chini ya taa ya kijani inakaribia kuwa nyeusi. Mara ya tano kingo ya mkunjo ikawaka. Nikaishia sita.

Baada ya chungwa, changanya chungwa na njano, eneo dogo zaidi, nusu ya lile la kwanza. Alafu njano na nyeupe, mistari tu kwenye kingo zinazoitazama taa uso kwa uso: ncha za vidole, ukingo wa mfuko, chini ya kidevu, chini ya pua. Kwenye vitu vya chuma kama fremu ya chemli usisambaze kabisa, chuma kinarudisha mwanga kwa doa kali, kwa hiyo weka nukta ya njano nyeupe na pembeni yake papo hapo giza. Hapo ndo tone la floresenti linapoingia, kwenye pete ya chungwa inayozunguka chimni, juu ya sehemu uliyoifanya nyeupe, mara moja inatosha.

Kama unapaka moto wa wazi na sio taa, zingatia kwamba weupe uko chini na katikati, ncha za miali ndo nyekundu mpaka nyeusi. Wengi wanaugeuza kwa sababu mikono imezoea kuweka wepesi kwenye ncha.

Rudi kwenye giza

Kama ungeniuliza nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Changanya buluu iliyokolea na zambarau kidogo, ikonde kama ulivyokonda chungwa, urudi kwenye kila sehemu isiyoiona taa: mgongo wote, nyuma ya mkono wa kushoto, ndani ya mikunjo, paji la uso chini ya ukingo wa kofia. Usitumie nyeusi tupu, inaua rangi na kufanya kisanamu kionekane kichafu, na buluu ya zambarau inaifanya chungwa ya upande wa pili ionekane ya moto zaidi bila kuigusa. Mimi nilikuwa nimepaka taa saa mbili nzima na haikuwaka vizuri, nikapaka mgongo dakika 20 ikawaka.

Usisahau ardhi. Kwenye besi, kile kibao anachosimama mzee, weka duara la mwanga chini ya chemli, alafu kivuli cha mguu kikilikata hilo duara kuelekea nje. Ukiacha kuweka kivuli hicho, kisanamu kinaonekana kinaelea.

Piga picha kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Chimni inatakiwa iwe kitu cheupe kuliko vyote na jicho liende pale kwanza. Picha ya mwanzo ya mzee wangu ilionyesha kofia ni nyeupe kuliko taa, ile kijivu ya mbalamwezi nilikuwa nimeizidisha, nikaishusha kwa kahawia mara mbili. Bila picha nisingeiona, macho yanadanganywa na rangi.

Mwisho vanishi ya mati kote, tabaka mbili nyembamba, asubuhi kavu kama ile ya prima. Itapunguza kidogo ung'avu wa chungwa, ukiona imezidi rudishia mistari ya njano nyeupe kwa brashi. Kisha chimni peke yake ipe tone moja la vanishi ya kung'aa, kioo kionekane kioo, na uikaushe kwa kukifunika kisanamu na glasi ili vumbi lisitue, usikishike mpaka kesho yake.